BAISKELI YA RESI YA MTUMBA KWA HELA NDOGO: MWONGOZO KWA WADAU WA BABATI

Leo tunaongelea kitu ambacho vijana wengi wanakitamani na wengi wanapigwa wakikinunua: baiskeli ya resi ya mtumba. Ile nyembamba, yenye tairi kama za kukatia upepo na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo.

Hamu yenyewe haijatoka hewani. Mji wetu umekaa kwenye barabara kuu ile inayotajwa kuanzia Cape Town mpaka Cairo, na lami sasa imetuzunguka. Unashuka Magugu na Minjingu kuelekea Arusha kwa lami, unakwenda Singida kwa lami, na upande wa kusini ile barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018. Babu zetu walipita huko kwenye vumbi na Phoenix. Halafu Septemba 2025 wenzetu wa Kigali waliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na watu waliona kwenye TV jinsi Tadej Pogačar alivyowaacha wenzake kwenye vilima vya Rwanda. Mwaka mmoja kabla, 2024, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani. Na Chris Froome, aliyeshinda Tour hiyo mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi na kufundishwa udogoni na Mkenya David Kinjah kwenye barabara za Kikuyu. Kwa hiyo kijana wa Babati akisema anataka resi, asichekwe.

Shida ni mfuko. Resi mpya ya maana haigusiki, na zile zinazogusika ni mtumba: zimetoka Uingereza, Uholanzi, Ujerumani, Japani, zimeshushwa kwenye makontena zikapangwa Arusha au Dar, kisha chache zinapanda hadi kwetu. Nyingine ziliachwa na wageni waliokuja kutembea au kufanya kazi. Ukikutana nayo Babati, mara nyingi ni moja tu, na muuzaji anajua ni moja tu.

Sasa sikiliza neno ambalo ndilo kiini cha makala hii nzima. Usinunue baiskeli nyepesi kuliko zote wala yenye gia nyingi kuliko zote. Nunua ile ambayo fundi wako wa Babati anaweza kuitengeneza kwa vipuri vinavyopatikana kati ya hapa na Arusha. Resi ya kifahari iliyokosa tyubu ni pambo la ukutani. Mwenzako atakupita na Phoenix yake amepakia gunia la mahindi na kuku wawili.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI NA HELA

Gawa hela yako kwanza. Tuseme umejichanga ukapata laki mbili. Hiyo haina maana unatafuta baiskeli ya laki mbili, maana karibu kila resi ya mtumba inahitaji kitu siku ya kwanza: tairi zimepasuka pembeni kwa kukaa kwenye kontena, waya za breki zina kutu, grisi imekuwa kama gundi. Theluthi ya hela iache pembeni. Kwenye laki mbili, baiskeli isizidi kama 130,000 na ile 70,000 inayobaki ni ya tairi, tyubu, waya, gololi na kumlipa fundi. Ukimaliza yote kwa muuzaji, umenunua nusu ya baiskeli.

Pili, pita kwa fundi wako kabla ya kwenda kuangalia. Mnunulie soda, umuulize bei za vitu vitano tu: tairi, tyubu, cheni, waya wa breki na meno ya nyuma, yaani friwili. Muulize pia kama ana kifaa cha kufungulia friwili ya gia. Akikuambia "hiyo saizi mdogo wangu sijawahi kuiona hapa", hilo jibu lina thamani kuliko picha zote za Facebook.

Beba vitu vinne. Sumaku ndogo (ya spika ya redio mbovu inatosha), rula ngumu ya shule yenye inchi upande mmoja, kamba nyembamba ya mita kama tatu, na tochi ya simu. Watu watakucheka kijiweni. Waache wacheke.

TAIRI: HAPA NDIPO WENGI WANAINGIZWA MJINI

Sehemu hii nitakaa nayo, kwa sababu ndiyo inayoua resi nyingi huku kwetu.

Baiskeli kubwa tulizozizoea, Phoenix, Avon na zile za zamani kama Swala ya kiwanda chetu cha NABICO, wengi wanaita saizi ya tairi zake "ishirini na nane". Resi nayo, ukisoma ubavuni mwa tairi, unaweza kukuta imeandikwa 28 pia. Mtu anafurahi: kumbe tairi ni zile zile! Hapana, ndugu yangu. Hizo inchi ni majina tu ya zamani, na yanadanganya.

Namba ya kuamini ni ile ndogo yenye kistari katikati, kwa mfano 25-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi inapokaa kwenye rimu, nayo ndiyo ya kukariri. Phoenix ya 28 x 1½ ni 635. Resi nyingi za kuanzia miaka ya 1980 ni 622, wazungu wanaiita 700C. Resi za zamani zaidi, hasa za Uingereza, Marekani na Japani, nyingi ni 630, na ubavuni zimeandikwa 27 x 1¼. Baiskeli za milimani za inchi 26 ni 559.

Kati ya 635 na 622 kuna milimita 13. Ukichukua tairi ya Phoenix ukaivika kwenye rimu ya resi, itaingia kirahisi ajabu, utadhani umepata mchongo. Ukijaza upepo na kupanda, itachomoka. Kuchomoka kwenye mteremko wa kwenda Magugu na lori nyuma yako siyo jambo la kuandika kwa utani.

Kwa hela ndogo, ipi ya kuchukua? Chukua 622. Sababu ni kwamba baiskeli za mjini za Uholanzi na Ujerumani, zile za mama mwenye kikapu, zinatumia 622 pia (ubavuni utaona 28 x 1⅝ x 1⅜, na pembeni 37-622), na baiskeli mpya za milimani za "ishirini na tisa" rimu zake nazo ni 622. Hivyo soko la 622 lipo na linakua. Ile 630 inazidi kufa hata huko ilikotoka. Ukipewa ya 630 kwa bei ya kutupa, angalia breki: kama mikono ya breki ina nafasi ya kushuka milimita 4 zaidi, unaweza baadaye kuiwekea magurudumu ya 622. Kama haina nafasi, achana nayo.

Usisahau nafasi kwenye fremu. Resi nyingi zinabana, na tairi nene ya 37 haitapita kwenye foku. Ingiza kidole chako kidogo kati ya tairi na fremu, juu na pembeni. Kikipita vizuri pande zote, kuna matumaini ya kuweka tairi ya 28 au hata 32, na hiyo ndiyo ya kufaa kwetu. Tairi ya 23 ni ya barabara za Ulaya. Hapa ukitoka kwenye lami kuingia mtaani unakutana na kokoto na mchanga, na tairi nyembamba inataka upepo mwingi sana, kama paundi 100, ambao pampu ya kijiweni inautafuta kwa jasho.

Halafu mdomo wa tyubu. Resi nyingi zina vali nyembamba ya Kifaransa, na tundu kwenye rimu ni la milimita 6.5 hivi. Tyubu zetu za kawaida mdomo wake ni mnene, unataka tundu la zaidi ya 8. Mafundi wengi wanatatua kwa drili: wanapanua tundu na maisha yanaendelea. Kwenye rimu yenye upana wa kutosha inakubalika, mradi kingo zisuguliwe kwa msasa zisije zikakata tyubu. Kwenye rimu nyembamba kabisa, tundu hilo linakula chuma cha muhimu, bora uagize tyubu mbili tatu za vali nyembamba kutoka Arusha uzitunze kama simu yako.

FREMU NA ILE SUMAKU

Gusisha sumaku kwenye fremu. Iking'ang'ania, ni chuma. Ikianguka, ni aluminiamu au kaboni.

Mimi kwa bajeti ndogo nasema chuma, na sibadilishi. Chuma kikipata ufa, fundi wa kuchomelea mwenye mkono mwepesi anaweza kukiokoa. Kikipinda kidogo, kinanyooshwa. Aluminiamu haichomelewi na kila mtu, na hata ikichomelewa, pale pembeni ya mshono panabaki dhaifu. Kaboni ndiyo kabisa: inaweza kuwa imevunjika ndani huku rangi ya nje inang'aa, na siku ikiamua kuachia haikupigii hodi.

Sasa gusisha sumaku hiyo hiyo kwenye rimu. Hapa tunataka kinyume: ISISHIKE. Rimu ya chuma iliyopakwa nikeli inapendeza, ila ikilowa maji breki zinateleza kama sabuni. Rimu ya aluminiamu inasimama hata wakati wa masika. Kwa hiyo kanuni ya kijiweni ni: sumaku ishike fremu, isishike rimu.

Nyufa zinapenda kujificha sehemu nne. Chini ya bomba la mbele pale mirija miwili inapokutana na shingo ya usukani. Kwenye kiungo cha krenki, pale chini kabisa. Nyuma ya kibano cha siti. Na kwenye masikio ya nyuma yanayoshika ekseli. Futa vumbi kwa kitambaa, piga tochi kwa pembeni. Rangi ikiwa imekunjamana kama ngozi ya kiwiko hapo kwenye shingo, hiyo baiskeli iligonga kitu uso kwa uso. Stika mpya iliyobandikwa mahali pa ajabu, ibandue. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

Kamba uliyobeba ni ya kupima unyoofu. Funga mwisho wa kamba kwenye sikio la nyuma upande wa kulia, izungushe shingo ya mbele, irudishe mpaka sikio la kushoto na uivute ikaze. Pima kwa rula nafasi kati ya kamba na bomba la siti, kulia na kushoto. Zikilingana, fremu imenyooka. Zikipishana zaidi ya milimita 3, nyuma imepinda, na baiskeli itakuwa inatembea kama mbwa anayekwenda upande upande.

Siti na usukani vitikise. Bomba la siti lazima litoke. Likiwa limegandana na fremu kwa kutu, na wewe una miguu mirefu kuliko mwenye nayo wa zamani, utaendesha magoti yakigusa kidevu. Mambo ya kipimo yenyewe ni rahisi: simama peku, pima kutoka sakafuni hadi gongo la mapaja, zidisha kwa 0.67. Ukipata sentimita 80, fremu yako ni kama 54, kupimwa kutoka katikati ya krenki kwenda juu kwenye bomba la siti. Ukikosa kidogo siyo mbaya. Fremu ndogo kidogo ni afadhali kuliko kubwa inayokubana sehemu zako ukisimama ghafla.

CHENI, GIA NA UJANJA WA FRIWILI MOJA

Chukua ile rula. Weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni, hesabu hadi inchi 12. Kwenye cheni nzima, inchi 12 zinaangukia katikati ya pini nyingine sawasawa. Ikiwa imezidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni inaomba kubadilishwa. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane, cheni imeshakula meno, na cheni mpya itaruka juu ya meno ya zamani. Hapo bei ishuke, maana unanunua vitu viwili.

Kuhusu idadi ya gia, muuzaji atakuambia kwa kiburi: "Kaka, hii ina gia ishirini!" Mwitikie tu kwa heshima. Gia kumi nyuma maana yake cheni nyembamba, meno ya gharama na lever za kisasa ndani ya mikono ya breki ambazo zikifa hazitengenezeki. Unayoitaka ni ile ya zamani yenye meno matano, sita au saba nyuma na lever mbili ndogo kwenye mrija wa chini. Zile lever ambazo hazina klik, unavuta mpaka gia inakaa mwenyewe, zinakubali karibu kila friwili utakayopata. Waya ukilegea unarekebisha kwa kidole huku unatembea.

Na hapa kuna siri ambayo mafundi wa zamani wanaijua. Resi za zamani friwili yake inafungwa kwa nati kwenye habu, na nati hiyo kwa nyingi ni saizi ile ile ya Phoenix. Maana yake gia zikifa zote na huna hela, unafungua friwili ya gia, unafunga ya jino moja ya Phoenix, unakata cheni, safari inaendelea. Cheni inyooke tu kutoka mbele hadi nyuma, isiende mshazari. Ila angalia masikio ya nyuma ya fremu: yawe na mkato wa kulala, siyo wa kusimama, ili uweze kuvuta gurudumu nyuma kukaza cheni. Fremu yenye masikio ya kusimama haikubali ujanja huu bila kifaa cha kukaza cheni.

Tahadhari kwa zile za Kifaransa. Peugeot za miaka ya 1970 na kurudi nyuma ni nzuri kuendesha, lakini nati zake nyingi ni za kipimo chao wenyewe: kiungo cha krenki, pedeli, hata shingo. Ikiwa kila kitu kinazunguka vizuri, chukua ukijua hilo. Ikiwa krenki inacheza, mwachie mwenyewe.

Krenki inapimwa hivi: shika mikono yote miwili ya pedeli, isukume kulia na kushoto. Ikigonga "ko ko", gololi zimekufa au pini imelegea. Gololi ni hela ndogo. Tatizo ni vikombe vilivyochimbika ndani, hivyo vinataka vipya. Pedeli ya kushoto nati yake inakaza kinyume. Kuna walioilazimisha kwa spana ikala nyuzi, kwa hiyo angalia kama imekaa wima au inayumba kama jino bovu.

MAGURUDUMU NA BREKI

Inua baiskeli, zungusha gurudumu, weka kucha yako jirani na rimu. Kuyumba kwa milimita mbili tatu fundi atanyoosha kwa spoku. Kuruka juu na chini kama yai, hiyo iligonga shimo, na haitarudi vizuri. Bana spoku mbili mbili kwa vidole, zote zitoe ugumu unaofanana. Spoku za resi mara nyingi ni fupi kidogo kuliko za Phoenix, kwa hiyo zikikosekana tano, uliza kwanza zinapatikana wapi.

Ubavu wa rimu ambapo breki inasugua, weka ukingo wa kitambulisho chako cha NIDA. Ukiona mwanga katikati, yaani pamekuwa kama bakuli, rimu imeliwa na siku moja itapasuka na upepo wake wote. Hii wengi hawaiangalii.

Breki za kushoto na kulia zinabadilika kufuatana na baiskeli ilikotoka. Za Uingereza na Japani kwa kawaida mkono wa kulia ni breki ya mbele. Za Uholanzi, Ujerumani na Ufaransa mkono wa kushoto ndio wa mbele. Jaribu ukiwa umesimama, usijifunze kwenye mteremko. Na waya: waya wa breki wa usukani wa kujikunja una kichwa kama pea ndogo, wa baiskeli za kawaida una kichwa kama pipa. Fundi asiuchonge kwa tupa ili uingie. Waya huo ndio unaokuzuia usiingie chini ya basi la Singida.

KUIENDESHA, NA MAZUNGUMZO YA BEI

Omba kuiendesha, hata mita 200. Acha simu au kitambulisho kwa muuzaji asipate hofu. Kwenye tambarare, achia usukani sekunde moja ukiwa taratibu (kama unaweza): ikivuta upande mmoja, kuna kitu kimepinda. Panda kilima kidogo ukiwa umesimama, sikiliza cheni. Funga breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma: shingo ikigonga, ni beringi, siyo gharama kubwa.

Baada ya hapo ndiyo bei. Usiseme "mbovu hii", utamuudhi mtu na mazungumzo yatakufa. Taja kitu kimoja kimoja na gharama uliyopewa na fundi. "Mzee, baiskeli yako nzuri, ila tairi zote mbili zimepasuka ubavuni, na cheni imeisha. Fundi kaniambia hivi na hivi." Akikujibu "Mdogo wangu, hii ya Ulaya hii", mkubalie kuwa ni ya Ulaya na urudie hesabu yako. Mwenye resi moja Babati ana wateja wachache kuliko anavyojifanya. Wanaoitamani ni wengi, wenye hela siku hiyo ni wawili watatu. Ukiondoka kwa adabu na kuacha namba, mara nyingi simu inalia kabla wiki haijaisha.

YA WIZI

Hili liwe kavu. Bei ikiwa chini kupita kiasi na muuzaji ana haraka, baiskeli hiyo ina mwenyewe. Kwa sheria zetu, kupokea mali huku ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi ni kosa la jinai, na "nilinunua kijiweni" haitakusaidia kituoni. Hata usiposhtakiwa, baiskeli inaondoka na hela hairudi.

Pindua baiskeli, chini ya kiungo cha krenki kuna namba iliyogongwa. Ikiwa imesuguliwa kwa tupa, ondoka. Ikiwepo, andikeni karatasi ya mauziano: majina, namba za simu na vitambulisho, namba ya fremu, rangi, bei, tarehe, sahihi na mashahidi wawili. Mkiipitisha kwa mwenyekiti wa mtaa ikagongwa mhuri, bora zaidi. Muuzaji halali haogopi mhuri. Piga picha mkiwa wote na baiskeli.

Kwa wanaonunua kwenye mitandao, kutoka Arusha, Moshi au Dar: usitume hela ya kwanza kwa mtu usiyemjua, hata akikuambia baiskeli ipo tayari kwenye buti la basi. Ile ya "tuma kwa namba hii" imehamia na kwenye baiskeli. Omba video ya dakika moja anazungusha magurudumu na kutaja jina lako na tarehe. Omba picha ya namba ya ubavuni mwa tairi na ya chini ya krenki. Mwenye baiskeli kweli atapiga, tapeli atakuwa "chaji imeisha". Ukiwa na ndugu huko, mtume akaishike kwa mikono, na umlipie nauli. Nauli ya daladala ni ndogo kuliko laki iliyopotea. Ikisafirishwa kwa basi, fungua pedeli na magurudumu, funika cheni na meno kwa boksi, na ukubaliane bei ya mzigo na kondakta kabla ya kupakia.

WIKI YA KWANZA

Ukishaifikisha nyumbani, usikimbilie Minjingu. Mpelekee fundi afungue habu, shingo na krenki, aoshe kwa mafuta ya taa, aweke gololi na grisi mpya. Badilisha waya zote nne hata kama zinaonekana nzima. Raba za breki zikiwa ngumu kama kwato, badilisha. Tairi zijazwe upepo, baiskeli ilale nayo, asubuhi uangalie ubavu kama umevimba.

Nunua taa ya nyuma kabla ya kununua jezi. Malori na mabasi ya usiku kwenye barabara hii hayana mchezo, na resi nyeusi isiyo na taa jioni haionekani kabisa. Kofia ngumu ya mtumba ukiipata, iangalie isiwe na ufa kwenye ile povu ya ndani, maana iliyowahi kuanguka haikulindi mara ya pili.

Baada ya kilomita 100 hivi rudi kwa fundi. Spoku zitakuwa zimekaa, waya zitakuwa zimevutika, na krenki inataka kukazwa tena kabla haijaanza kucheza. Nenda na soda.